Siku Mayai ya Josephina Yalipomsubiri Yeremia

Josephina Kobelo alikuwa fundi cherehani wa Kihonda, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Mitumba ilikuwa imeshawamaliza mafundi wengi wa Morogoro. Nani angelipia gauni la kushonwa wakati soko la Mawenzi limejaa magauni ya Ulaya ya kuchagua juu ya turubai? Lakini shule za binafsi zilikuwa zikichomoza kila mwaka, kila moja na rangi ya sweta yake na mkunjo wa sketi yake, na huko ndiko Josephina alikopata pa kushika. Kwa hiyo alishinda na watoto wa watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Aliwapima mabega, aliwaambia wasitingishike, aliwaachia pindo refu ili mwakani lifumuliwe wakirefuka. Mama zao wakija kuchukua nguo walimwambia Mungu atakukumbuka na wewe. Alishukuru, akaendelea kukata kitambaa.

Mumewe, Yeremia Mgonja, alikuwa Mpare wa Same, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Walikutana akiwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo pale mjini. Kiwanda kikauzwa, mnunuzi akafunga nusu yake, na Yeremia akakaa nyumbani muda mrefu akitengeneza redio za majirani. Kisha kampuni za simu zikaanza kusimamisha minara vilimani, kila mnara na jenereta lake, naye akapata kazi ya kuyahudumia: leo Ngerengere, kesho Dumila, siku nyingine juu Ulugurani kwenye ukungu ambako pikipiki husukumwa zaidi ya kuendeshwa. Alirudi akinuka dizeli, akaoga, akala, akanyamaza. Josephina alimpenda kwa utulivu huo, na utulivu huohuo ndio uliokuja kumtisha, maana hakuwa na namna ya kujua mwenzake anawaza nini.

Mwaka wa tisa wa ndoa ulifika bila mtoto.

Shida ilimbana Josephina kutoka pande mbili. Kwa Wapare mtoto ni wa baba, na mama yake Yeremia alitaka wajukuu wa kulibeba jina la marehemu mumewe. Kwa Waluguru, watu wa Josephina, mtoto ni wa ukoo wa mama, ambao wao huuita lukolo. Mama yake, Bibi Skolastika wa Kinole, alizaa wavulana wengi na msichana mmoja tu, Josephina. Watoto wa wale kaka zake wote walihesabiwa kwenye koo za wake zao. Shamba la migomba na mdalasini pale Kinole, alilolima bibi yake mzaa mama na mama wa bibi huyo, lilikuwa linamtazama Josephina peke yake. Mjomba wake Laurenti, aliyekuwa na sauti katika ukoo, hakumficha. Alimwambia kwamba nyumba yao inafungwa. Akaongeza, kwa kicheko kilichomuudhi Josephina, kwamba kwao hakuna mtu wa kuuliza sana mtoto ana baba gani. Awe na mama tu.

Kwa miaka mingi Yeremia alikataa kupimwa. Hakugomba, alikuwa na safari ya mnara kila siku ya miadi. Josephina akatangulia peke yake. Walimpiga picha ya mirija ya uzazi, ile ya kupitishiwa dawa ionekane inapita wapi, na dawa haikupita popote. Alipokuwa msichana kidole tumbo kilipasuka wakiwa bado wanashuka naye mlimani kwa machela, akafanyiwa upasuaji hospitali ya misheni, akapona. Kumbe usaha ule uliziacha njia zake mbili zimegandana. Alipomweleza Yeremia, asubuhi yake mume akasema naye atakwenda. Kipimo chake kikatoka kizuri kabisa.

Josephina alikuwa ameomba kwa miaka mumewe akubali kupimwa, na sasa alitamani asingekubali. Kuanzia siku ile alijua kwamba anaishi na mwanamume anayeweza kupata mtoto popote isipokuwa kwake.

Ndipo waliposikia habari za kliniki moja ya binafsi Dar es Salaam inayopandikiza mimba. Waliuza kiwanja chao cha Mkundi, wakaenda. Daktari wao alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Joyce, mwenye tabia ya kuchora huku akiongea. Aliwachorea mfuko wa uzazi na mirija yake miwili kama mikono iliyoinuliwa.

"Kila mwezi yai moja linaiva hapa, kwenye ovari," alisema. "Likitoka, mrija unalipokea, na humo ndani ndimo linakutana na mbegu ya mume. Kwako, mama, mayai yapo na mfuko ni mzima. Barabara ndiyo imekufa. Sisi hatuifufui barabara, tunaizunguka. Nitakupa sindano ili yaive mayai mengi kwa mara moja badala ya moja. Yakikaribia kutoka nitayavuta kwa sindano nyembamba ukiwa usingizini. Siku hiyohiyo baba atatupa mbegu zake, na maabara watazikutanisha na mayai ndani ya kisahani. Yatakayoshika tutayaweka kwenye kabati lenye joto kama la mwili, yakue siku chache. Halafu tunarudisha tumboni mwako moja au mawili. Kuanzia hapo ni mimba kama mimba nyingine."

Yeremia aliuliza swali moja tu: watajuaje kwamba zilizowekwa ni zake? Daktari alimweleza jinsi kila kisahani kinavyoandikwa majina na jinsi watu wawili wanavyokiangalia kabla ya kukigusa. Yeremia akatikisa kichwa kukubali. Daktari akawaambia pia jambo ambalo hawakulipenda: wanaofanya haya wengi hawapati mara ya kwanza, na wako wasiopata kabisa.

Josephina hakumwambia mtu parokiani. Alikuwa ndiye anayeshona mavazi ya misa na kanzu za watumishi wa altare, na msimamo wa Kanisa juu ya mimba za maabara aliujua bila kufundishwa upya. Aliacha kwenda komunyo. Jumapili watu walipopanga mstari yeye alibaki kwenye benchi, ameinamisha kichwa, na wenzake wakadhani anaumwa miguu.

Sindano zilikuwa za kila siku, na zilitakiwa kukaa kwenye baridi. Huo ulikuwa mwaka wa mgawo wa umeme. Kihonda walikuwa wakipata umeme kwa zamu, na zamu yenyewe haikuwa ya kuaminika. Josephina alizipeleka dawa kwa Mwanaheri, rafiki yake wa Mji Mpya aliyekuwa akiuza barafu na soda, mwenye jokofu la kulala ambalo hata likizimwa barafu yake hukaa kutwa. Alimwambia ukweli, kwa kuwa hakuona namna ya kumdanganya. Mwanaheri hakuuliza la pili. Alifukua nafasi katikati ya mabonge ya barafu, akaweka kile kikasha, akawakataza wanawe kufungua jokofu bila yeye. Kila jioni Josephina alikwenda na chupa ya chai yenye vipande vya barafu, akarudi na sindano ya siku hiyo.

Alijichoma tumboni, chini ya kitovu, amejificha stoo kwenye marobota ya vitambaa. Mara ya kwanza alivunja sindano. Baadaye alizoea, lakini tumbo likawa na alama za bluu, na lilijaa kama mtu aliyekula kunde mbichi. Alikasirika bila sababu, alilia kwa sababu ya uzi uliokatika. Yeremia alikuwa akimtazama, halafu akitazama pembeni.

Mama mkwe alikuwa nyumbani kwao wakati huo, amekuja kutibiwa macho. Macho yalipona kiasi cha kutosha, maana jioni moja alisukuma mlango wa stoo akamkuta mkwewe amefunua tumbo na sindano iko ndani ya ngozi.

"Unajichoma nini?"

Josephina alimalizia kusukuma dawa kwanza, maana aliambiwa asiiache njiani. Kisha akamweleza yote kwa sauti ndogo, akiwa bado amekaa juu ya robota. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao wanaokaa na hivyo visahani," alisema, "nani anawalinda wasichanganye?"

"Wanaandika majina, mama."

"Majina wanaandika hata hospitali, na watoto wanabadilishwa."

Swali hilo Josephina alikuwa amejiuliza mwenyewe. Alimwomba tu asiwaambie watu wa Same mpaka wajue mwisho wake. Mama mkwe alisema hana siri na wanawe, akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Kilipofika kipindi cha kukaa karibu na daktari, Josephina alikwenda Dar es Salaam peke yake, akapanga chumba katika nyumba ya kulala wageni mtaa mmoja na kliniki. Yeremia angemfuata, kazini walikuwa wamempa ruhusa fupi, na hakutaka kuimaliza kwa kukaa bure. Kila asubuhi Josephina alilazwa kwenye kitanda cha ultrasaundi, na Daktari Joyce alimwonyesha vifuko vyeusi kwenye kioo, vinakua, kila kimoja kikiwa na yai ndani yake. Siku aliporidhika alimchoma sindano ya mwisho, ile ya kuyaivisha kabisa. Alimweleza kwamba baada ya sindano hiyo hakuna kurudi nyuma. Mayai yatakuwa tayari keshokutwa asubuhi. Wakichelewa kuyachukua yatatoka yenyewe yapotee tumboni. Na mbegu za baba zinatakiwa asubuhi hiyohiyo.

Jioni ya kabla ya siku yenyewe Yeremia alipiga simu. Alisema jenereta la Dumila limemshika lakini amelimaliza, yuko nyumbani, na alfajiri atakuwa stendi ya Msamvu kuwahi basi la kwanza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma. Nyuma yake Josephina alimsikia mtu akikohoa, akamtambua. Alikuwa Erick, kaka mkubwa wa Yeremia, ambaye hakuwa na shughuli yoyote ya kumleta Morogoro.

"Erick amefuata nini?" aliuliza.

"Amekuja kumchukua mama," Yeremia akasema. "Tutaonana kesho."

Asubuhi walimwingiza chumba cha upasuaji kabla Yeremia hajafika. Nesi Latifa, aliyekuwa akimhudumia tangu mwanzo, alimtuliza kwamba mabasi ya Morogoro huchelewa Kibaha, kwamba wanaume wengi hufika wakati wake zao wako usingizini. Wakampa nusu kaputi. Alipozinduka, nyonga zilimuuma kama mtu aliyebeba mzigo mteremko mzima, na mdomo ulikuwa mkavu. Latifa alimwambia wamepata mayai kumi na moja, mengi kuliko walivyotarajia. Halafu akauliza, huku akimrekebishia mto, kama ana namba nyingine ya baba.

Hakuwa nayo. Namba ile moja ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, akapiga tena. Akampigia Mwanaheri, akamtuma nyumbani. Mwanaheri akarudisha jibu kwamba nyumba imefungwa kufuli, na jirani amewaona wote watatu, Yeremia, mama yake na Erick, wakielekea stendi na mabegi tangu giza halijatoka.

Mabegi. Yeremia hakuhitaji begi kwa safari ya siku moja. Josephina alilala akitazama dari, na akili yake ikaifuata ile barabara kutoka Morogoro hadi Chalinze, mahali inapogawanyika, mkono mmoja ukija Dar es Salaam na mwingine ukienda Tanga, Same, Moshi.

Daktari Joyce alikuja, akakaa kitandani. Alisema mayai yako salama kwa sasa, yanaweza kungoja saa kadhaa, lakini hayangoji siku nzima. Kila saa inayopita yanachoka. Maabara yao haikuwa na uwezo wa kugandisha mayai.

"Hakuna njia nyingine?" Josephina aliuliza, na alipoyatamka maneno hayo alijua anauliza nini.

Daktari naye alijua.

"Wako wanandoa wanaotumia mbegu za mtu mwingine," alisema. "Lakini hao wanaamua wawili, kwa muda wao, na wote wanatia sahihi. Sitalifanya leo kwa sababu mtu amechelewa basi. Hata ukiniomba."

Alipotoka, Josephina aligeukia ukuta. Hakuomba, lakini jambo lenyewe lilikuwa limeshaingia kichwani na halikutoka. Alimkumbuka mjomba Laurenti na kicheko chake. Kwao Kinole mtoto angekuwa wa lukolo, angerithi migomba na mdalasini, na hakuna ambaye angemhesabia baba. Yeremia alikuwa amechagua ndugu zake. Kwa nini yeye asichague wa kwake? Akaona hasira ikimpa nguvu hata ya kukaa. Kisha akamwona Yeremia akiuliza lile swali lake moja, watajuaje kwamba ni zake, na akaelewa kwamba hakuwa akimuuliza daktari peke yake. Akalala tena. Latifa alipopita akamwambia, "Nitamsubiri. Nani anajua."

Jua lilivuka katikati. Kina mama wengine wawili waliotolewa mayai asubuhi ile walikuwa wameshakwenda, wameshikwa mkono na waume zao. Fundi wa maabara alichungulia mlangoni mara moja, akaangalia saa, akaondoka. Josephina alianza kusali, akaona haya kumwomba Mungu jambo ambalo kwa ajili yake aliacha komunyo, akaendelea kusali hivyohivyo.

Yeremia aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, bila begi, shati limechanika begani. Alinuka maganda ya machungwa. Alisimama mbele ya kitanda.

"Mayai bado yapo?" aliuliza.

"Yapo," Josephina akasema. "Nenda, wanakusubiri."

Latifa alimpa kikopo chenye jina lake, akamwonyesha chumba mwisho wa ukumbi. Muda ukapita. Ukapita mwingine. Latifa akaenda kugonga kwa upole, akarudi, akainama sikioni mwa Josephina: baba anasema hawezi. Amekaa tu mle ndani.

Josephina aliteremka kitandani. Latifa alitaka kumzuia, kisha akamshikilia upande mmoja, wakatembea hivyo, hatua ndogondogo, mpaka mlango ule. Aliingia peke yake. Yeremia alikuwa amekaa kwenye kiti, kikopo kitupu mkononi, uso umeelekea chini.

"Jose," alisema, "nilikuwa—"

"Utaniambia nyumbani. Sasa hivi sitaki kujua."

Josephina alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mumewe kwa kuwa hakuwa na nguvu za kusimama, akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka mkono ule nao ukaushika wake. Yaliyobaki ni yao wawili. Walipotoka, Latifa alikipokea kikopo kwa mikono miwili, akakimbia nacho maabara.

Kesho yake Daktari Joyce alipiga simu: katika mayai kumi na moja, manne tu yameshika. Siku iliyofuata yalikuwa matatu. Siku ya kurudisha yalikuwa mawili, na yote mawili alirudishiwa, kwa mpira mwembamba sana, bila nusu kaputi, akiangalia kioo. Aliona kitone cheupe kikiteleza ndani ya weusi, kama tone la maziwa. Yeremia alikuwa amesimama kichwani kwake. Daktari akawaambia waende nyumbani wakaishi kawaida, warudi baada ya wiki mbili kwa kipimo cha damu.

Kuishi kawaida hawakuweza. Yeremia alimrudisha Morogoro kwenye kiti cha mbele cha gari dogo la kukodi, akimwambia dereva apunguze kila tuta. Nyumba ilikuwa kimya. Mama mkwe hayupo. Josephina aliacha ushonaji kwa msichana aliyemsaidia kazi, akawa analala mchana akihesabu maumivu: hili la chini ni zuri au baya? Matiti yanauma, lakini daktari alisema dawa zenyewe huyaumiza. Alikwenda chooni akiogopa kutazama.

Jioni moja, mvua ikiteremka kutoka mlima Lupanga na kugonga bati, Yeremia alikaa ukingoni mwa kitanda akasema mwenyewe, bila kuulizwa. Mama alikuwa amempigia Erick, na Erick alikuja na maneno ya kikao kizima cha ukoo. Kwamba mtoto wa kisahani hajulikani ni wa nani. Kwamba mke ameziba na yeye hajaziba, na huko Same kuna binti wa watu amekwisha kuongelewa. Kwamba aende tu, aongee na wazee, arudi. Dawa za Dar zitangoja. Yeye alijua hazingoji. Alipanda nao mpaka Chalinze, akashuka nao, akapanda nao basi la Same.

"Ulipanda," Josephina alisema.

"Nilipanda. Nikazima simu. Tulifika Lugoba. Mama alikuwa amelala begani kwangu, Erick anahesabu watu gani watakuwepo kikaoni. Nikawaza wewe unazinduka, unauliza nimefika. Nikamwamsha mama, nikamwambia nashuka. Erick alinishika shati. Nikapata lori la machungwa lililokuwa linakuja mjini."

Josephina hakumwambia kwamba na yeye, siku ileile, alikuwa ameuliza kama kuna njia nyingine. Alisema tu kwamba amechoka, akamgeuzia mgongo, na mkono wa Yeremia ulipomgusa bega hakuusogeza wala hakuushika. Alikuwa amerudi, ndiyo. Lakini alikuwa amepanda lile basi.

Siku chache kabla ya kipimo aliona damu. Ilikuwa kidogo, ya kahawia, lakini ilimtosha kukaa sakafuni chooni na kukataa kufungua mlango. Yeremia alimpigia daktari, akasimama nje ya mlango ule akimsomea aliyoambiwa: kwamba damu kidogo si lazima iwe mwisho, asiache dawa, asubiri. Hakwenda kazini siku zote zilizobaki. Mnara wa Mlali ulizima, watu wa huko wakakosa simu, bosi wake akamtukana, naye akabaki anapika uji.

Kipimo kilisema ndiyo. Daktari Joyce hakutaka washangilie. Aliwarudisha tena, na tena, mpaka ultrasaundi ikaonyesha mfuko mmoja na moyo mmoja unaopiga. Kitone cha pili hakikushika. Josephina alikilia hicho cha pili njia nzima ya kurudi, na Yeremia hakumwambia anyamaze.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji msimu wa mvua kubwa, msichana, wakamwita Mariamu. Mjomba Laurenti alishuka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi, akamshika mtoto, akatangaza wodini kwa sauti kwamba nyumba imefunguliwa. Mama mkwe alikawia. Alikuja mtoto akiwa ameanza kutambaa, akiwa na kanga mpya mkobani. Josephina alimwamkia, shikamoo mama, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya chini. Kwa siku mbili yule mama alimtazama mtoto kutoka kwenye kiti chake bila kuomba kumpakata, na Josephina hakumpa. Siku ya tatu mtoto alitambaa mwenyewe mpaka miguuni kwake, akajishika kwenye kanga, akasimama. Mama mkwe akamshikilia asianguke. Hakuomba radhi, wala hakusema lolote juu ya visahani, siku ile au baadaye. Alikaa mwezi mzima akimwogesha mjukuu wake, na siku ya kuondoka alilia stendi.

Neno lile la kliniki, la kuuliza njia nyingine, Josephina alikuja kumwambia Yeremia mtoto akiwa tayari anaongea. Yeremia alisikiliza akifunga kamba za viatu vyake vya kazi. Alimaliza cha kwanza, akafunga cha pili.

"Ungefanya?" akauliza.

"Sijui," Josephina akasema. "Siku ile sijui."

Yeremia akasema ni sawa, na ilionekana kwamba kweli ni sawa, au kwamba alikuwa amekubali kuishi na jibu hilo kama Josephina alivyokubali kuishi na lile basi.

Walijaribu tena mara moja, Mariamu alipoanza chekechea. Safari hii Yeremia alikwenda Dar es Salaam pamoja naye tangu siku ya kwanza, akapanga foleni zote, akabeba dawa mwenyewe. Mayai yalitoka machache, yakashika mawili, wakarudishiwa yote mawili, na damu ikaja kabla ya siku ya kipimo. Daktari Joyce aliwaambia wanaweza kurudi wakitaka. Walikaa nje ya kliniki kwenye benchi la saruji, Josephina amekumbatia mkoba.

"Tuache?" Yeremia aliuliza.

Josephina alifikiri juu ya sindano, na kitone kile cheupe, na jinsi alivyochoka.

"Tuache," akasema.

Yeremia alichukua mkoba wake, wakaenda kutafuta basi, maana Mariamu alikuwa kwa Mwanaheri tangu juzi na alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza wanarudi lini.